Mpaka Muungane na Wifi

4 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe, halafu mpe Baba salamu zake peke yake, asije akadhani amegawana na wewe. Sisi hatujambo. Mume wangu Telegramu bado yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara, na tangu aondoke ameniandikia barua moja, fupi kuliko anwani iliyokuwa juu ya bahasha. Jina mlilompa nyumbani kwenu linamtosha kabisa.

Nakuandikia kwa furaha. Jana wakati wa mapumziko hapa maabara nilifungua akaunti yangu ya lile duka la gemu la mtandaoni, nikatazama gemu ya treni niliyomnunulia Baba. Wifi, Baba anafanya kazi! Akaunti inaonyesha anaendesha toka asubuhi mpaka jioni, karibu kila siku. Ameshafika njia ya milimani, ile ambayo mimi nilijaribu nikaangusha mabehewa yote bondeni. Nikawaonyesha wenzangu. Mmoja akasema, "Huyu mkwe wako alistaafu kweli udereva wa treni, au alibadilisha tu ofisi?" Tulicheka mpaka bosi akatoka kuangalia nani amevunja chupa.

Siku ile nilipoipakua sebuleni kwenu kwa mtandao wa simu yangu, Baba amesimama nyuma yangu na kofia yake ya kazi kichwani, sikutegemea kitu. Nilidhani ataitazama kidogo kwa heshima ya mkwe, halafu airudie redio yake. Kumbe.

Yale niliyokueleza usiyasahau. Gemu hii haikuja kwenye kasha, kwa hiyo mwenye duka hulinda mali yake kwa njia yake. Kila ikiwekwa kwenye kompyuta mpya lazima iamshwe kwa jina na neno la siri nililokuachia, na inakubali kuamshwa kwenye kompyuta tatu tu. Ya Baba ni moja. Nafasi zilizobaki ni akiba yake, maana kompyuta yenyewe ni kuukuu. Ikishaamshwa haihitaji mtandao tena, yeye aendeshe tu.

Mwambie mkwe wake anaona kila safari anayopiga.

Wifi yako


11 Machi

Mdogo wangu Telegramu,

Nakuandikia kwa mkono na kumpa dereva wa lori la kampuni yenu, kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio manne, mawili yangu na mawili ya Baba. Na hayo ya kwake ni mazima kuliko macho yake.

Kompyuta ilizima ghafla. Fundi akasema bodi ya ndani imeungua, akaweka nyingine, akairudisha inawaka vizuri. Picha zipo, nyimbo zipo, gemu ya treni nayo ipo, lakini haifunguki. Inatoa kidirisha chenye maandishi mekundu, inataka iamshwe upya kama vile haijawahi kutuona. Nimeingiza jina, nimeingiza neno la siri. Inazunguka, inazunguka, halafu inarudi pale pale. Fundi anasema kazi yake ni vyuma, si michezo.

Lakini kinachoninyima raha si kompyuta. Siku moja kabla haijazima, Baba alipita ishara nyekundu. Ndani ya gemu, ndiyo, lakini unamjua. Nilikuwa napiga pasi mezani nikasikia king'ora, nikageuka, nikamwona ameondoa mikono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Sikuiona," akasema. "Maisha yangu yote ya kazi sijapita nyekundu. Sikuiona." Kesho yake kompyuta ikazima. Iliporudi, akaniuliza yale maandishi yanasemaje. Nikamwambia inakataa kufunguka. Akatikisa kichwa polepole. "Wamenisimamisha," akasema. "Ni haki yao. Dereva akipita nyekundu hushushwa siku hiyo hiyo."

Nilicheka, mdogo wangu. Nilidhani ananitania. Akavua kofia, akaitundika kwenye msumari, akahamisha kiti chake kutoka mbele ya kompyuta mpaka mlangoni. Ndipo anaposhinda sasa. Chai anaacha nusu kikombe. Usidhani amechanganyikiwa, anajua fika kwamba ni gemu. Ila aibu aliyonayo ni ya kweli.

Wewe unajua mambo ya kompyuta. Niambie nifanye nini. Na tafadhali usimhusishe wifi. Ameifurahia mno hii zawadi yake, sitaki kumvunja moyo.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Nimesoma. Tatizo ni wifi. Hakuna kitakachoamka mpaka kwanza muungane na wifi. Mkishaungana utaulizwa neno la siri. Litoe lilivyo, usiongeze wala usipunguze. Ukikosea mara tatu unafungiwa. Kinyozi hapo jirani anayo, niliiona kwake nilipokuja.

Baba asijali.

Telegramu


19 Machi

Wifi yangu,

Telegramu ameniandikia kwamba nisitarajie kitu mpaka niungane na wewe, na kwamba nikutolee siri ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Anasema gemu aliiona kwa Kinyozi kwa macho yake. Sijui mmejua tangu lini, na sijui kwa nini hukusema ulipoandika kwa furaha vile. Labda ulikuwa unanipa nafasi. Basi naanza.

Kinyozi unamkumbuka, duka lake na nyumba yetu tunagawana ukuta. Baba alipoteleza bafuni ni yeye aliyekuja kumwinua kabla sijamaliza kupiga kelele, na mpaka leo huja kumnyoa ndevu hapa hapa nyumbani. Siku moja alimkuta Baba mbele ya kompyuta, akamnyoa huku treni inakwenda. Akasema, "Dada, ningekuwa na gemu hii pale dukani, wateja wangu wangesubiri zamu mpaka nywele ziote tena." Nikacheka. Akasema tena, taratibu, wembe uko shingoni kwa Baba. Wewe ungemnyima kitu mtu aliyeshika wembe hapo?

Huo ni utani, wifi. Hakunitisha. Nilimwandikia jina na neno la siri kwenye kikaratasi kwa sababu nilitaka kumpa kitu, na sikuwa na kingine. Na nisipunguze: ninapenda anavyoniita Dada halafu akanyamaza kidogo, kama neno lenyewe limemkwama. Nilijua ni kompyuta tatu tu. Nilijiambia ile akiba imekaa bure, moja haina neno.

Halafu ikaja barua yako. Wifi, zile saa si za Baba. Kompyuta yake haina mtandao, wewe huwezi kuona safari zake. Ulizoziona ni za watu wanaosubiri kunyolewa. Aliyefika njia ya milimani ni muuza magodoro wa mtaa wa nyuma, ana upara mtupu na haondoki pale. Baba huendesha asubuhi, macho yakichoka anaacha. Nilimsomea barua yako kwa sauti, na nilipofika pale kwamba mkwe wake anaona kila safari, alinyoosha kofia yake. Nikaacha aamini.

Lililo baya kuliko yote liko hapa. Gemu imekataa kuamka kwa sababu ya nilichofanya mimi, na Baba anadhani imekataa kwa sababu yake. Alipita nyekundu siku moja kabla kompyuta haijazima, sasa anasema amesimamishwa kazi. Kutwa yuko mlangoni. Namsikia akijisemea, "Sikuiona, sikuiona," na mimi napita na ufagio.

Kama umeifunga wewe, ifungue kwa ajili yake. Mimi nifungie unavyotaka.

Wifi yako


30 Machi

Wifi,

Nimechelewa kujibu makusudi. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira asipewe kalamu.

Kwanza ujue kwamba sikujua kitu. Telegramu naye hakujua kitu. Nilimngoja apande kilima cha kambini kwao kupata mtandao, nikamuuliza, "Ulimwandikia nini dada yako?" Akasema, "Nilimwambia aunganishe wifi." Nikamwambia, "Ameniunganisha." Nikamsomea barua yako yote, kisha akasema neno moja tu: "Lo."

Wifi aliyoisema ni mtandao wa hewani. Ule usio na waya. Kompyuta ya Baba ina bodi mpya, kwa hiyo gemu inaiona ni kompyuta ngeni, na ili iamshwe lazima iwasiliane na duka kupitia mtandao. Kinyozi "anayo" wifi. Neno la siri ni neno la siri. Mume wangu hakuwa anatutuma tupatane, alikuwa anatengeneza kompyuta.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikaacha, maana niliona kwamba usingekuwa na mzigo moyoni usingelisoma neno lile hivyo.

Umeniumiza. Wenzangu maabara hunisalimia kwa kuuliza, "Mzee amefika wapi leo?" Nami nawajibu kwa majivuno. Nimemshangilia muuza magodoro mwezi mzima.

Lakini umenitolea siri bila kupunguza, nami sina budi kukutolea yangu. Baba alipoteleza, Telegramu alitaka aje kuishi na sisi. Nilisema nyumba yetu ni ndogo. Wifi, nyumba si ndogo. Baada ya hapo ndipo nikatafuta gemu. Nilijiambia nampa zawadi, na nadhani nilikuwa namtafutia shughuli ya kumweka huko huko. Kila saa zikiongezeka kwenye akaunti nilitulia: Mzee ana kazi, hatuhitaji. Ni mimi niliyesema kompyuta yake haihitaji mtandao. Ningejiuliza mara moja tu zile saa zinatoka wapi. Sikujiuliza kwa sababu nilizipenda.

Sasa fanya mawili. Peleka kompyuta kwa Kinyozi, iunganishe, uniandikie inasemaje. Na mwambie Baba kwamba hakusimamishwa na mtu. La pili siwezi kukufanyia.

Wifi yako


4 Aprili

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ile habari ya Telegramu kumtaka Baba sikuijua. Tutaizungumza uso kwa uso, si hapa.

Unicheke sasa, nimestahili. Kwa Kinyozi kuna maandishi makubwa ukutani, ameandika mwenyewe kwa rangi: WAIFAI BURE KWA WATEJA. Nimeyaona tangu alipofungua duka. Ningejuaje kwamba kitu hicho hicho, mwingine akikiandika, kinaandikwa kama wewe?

Niliificha kompyuta kwenye beseni chini ya nguo za kuanika, nikapita mbele ya Baba. Hakuniuliza. Zamani angeuliza.

Kinyozi akaiunganisha. Nikaingiza jina na neno la siri. Haikuzunguka hata kidogo, ikatoa maandishi mekundu mengine. Akayasoma yeye.

"Inasema imekwisha kuamshwa kwenye kompyuta tatu. Nafasi hakuna."

"Tatu zipi? Ya Baba kabla ya kutengenezwa, na hiyo yako hapo. Nyingine iko wapi?"

Alizima mashine ya kunyolea ingawa haikuwa kichwani kwa mtu. "Nyumbani kwangu," akasema. "Jumapili nikifunga duka, nakaa peke yangu, Dada. Unajua."

"Uliniambia moja."

"Na wewe wifi yako ulimwambia ngapi?"

Muuza magodoro alikuwa pale, mkono kwenye kipanya, akadakia: "Jamani, msiifunge leo, nimebakiza steshini moja tu!" Kinyozi akamwendea, akaichomoa kompyuta ukutani. Yule bwana alilalamika kama amenyang'anywa mkate mdomoni. Kinyozi akaifuta gemu pale dukani mbele yangu, akafunga duka, akaenda kuifuta na ya nyumbani. Aliporudi tukajaribu tena. Maandishi yale yale. Kumbe kuifuta hakurudishi nafasi.

Hakunitazama. Akanibebea beseni mpaka mlangoni kwetu, akamwamkia Baba, akaondoka.

La pili bado. Juzi nilimwendea Baba, nikavuta kigoda, nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Wifi yako


12 Aprili

Wifi yangu,

Nimewaandikia watu wa dukani. Kwenye rasimu ya kwanza nilisema tumeibiwa neno la siri, ikasomeka vizuri sana, mtu angelia. Nikaifuta. Nikaandika kwamba tulimpa jirani, kwamba kompyuta ya mzee ilibadilishwa bodi, na kwamba mwenye kosa si mzee. Akajibu mtu, si mashine, maana alisema baba yake pia alikuwa dereva, wa basi.

Wameachia nafasi zote. Wamesema ni mara hii tu, tukizimaliza tena tutanunua upya kama wageni. Na safari zilizotunzwa zimefutika, ataanzia steshini ya kwanza. Neno la siri nimelibadilisha, liko kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Safari hii ni la Baba, si la mtaa.

Umeshamwambia?

Wifi yako


17 Aprili

Wifi yangu,

Imeamka. Niliipeleka tena kwa Kinyozi, akanisogezea kiti, yeye akatoka nje akasimama barabarani mpaka nikamaliza kuandika neno la siri. Sikumwomba afanye hivyo. Ulipolia muziki wa mwanzo machozi yalinitoka, wateja wakadhani kuna msiba.

Nikairudisha nyumbani, nikaiweka mahali pake, nikaongeza sauti. Honi ya treni ikalia. Nikasikia kiti cha mlangoni kinasogea, Baba akaja mpaka kwenye kizingiti cha sebule.

"Nani amewasha?"

"Mimi, Baba. Imefunguka. Njoo ukae."

Akatazama kioo, akatazama kofia kwenye msumari. Hakuigusa. "Nani ameniruhusu?"

"Gemu yenyewe imekubali."

"Gemu haina mamlaka hayo. Dereva aliyesimamishwa hapandi mpaka ahojiwe. Uchunguzi umefanyika lini? Walikaa akina nani? Mimi sikuitwa."

"Baba, ni gemu tu."

"Najua ni gemu," akasema. "Na ile nyekundu niliyopita ilikuwa ya gemu tu? Basi mbona hulali?" Akarudi mlangoni.

Wifi, alikuwa anajua kwamba silali. Nilidhani nimepata kila kitu: nafasi, mtandao, neno la siri. Treni imesimama steshini inanguruma na hakuna wa kuipanda. Nimemwandikia Telegramu nikamuuliza nimdanganye vipi kwamba uchunguzi umeshafanyika.

Wifi yako


22 Aprili

Dada,

Usimdanganye. Kaeni uchunguzi.

Safari hii maneno yangu hayana maana ya pili.

Telegramu


25 Aprili

Wifi yangu,

Tumekaa.

Nilimwambia Baba asubuhi, "Leo kuna uchunguzi." Hakuuliza kwa nini leo. Alioga, akavaa koti lake la kazi, lile lenye kifungo kimoja tofauti. Nikaweka viti viwili mezani. Akakaa upande wa mshitakiwa, yaani mgongo kwa dirisha, kumbe kuna upande. Akaniambia, "Mwenyekiti, anza."

"Mimi siwezi kuwa mwenyekiti, Baba. Mimi ni shahidi."

"Shahidi wa nini? Ulikuwa unapiga pasi."

Nikamwambia. Nilianza na bodi ya kompyuta, nikaona nazunguka, nikarudi kwenye kikaratasi nilichompa Kinyozi. Nikamwambia habari ya nafasi tatu, ya zile saa kwenye akaunti, ya muuza magodoro. Alisikiliza macho yakiwa mezani. Nilipomaliza, aliinuka, akazunguka meza, akanionyesha kwa kidole kiti alichotoka. Tukabadilishana. Akauliza kama walivyokuwa wakiulizwa wao madereva kazini.

"Uliambiwa kikomo kabla ya safari?"

"Niliambiwa."

"Ulipotoa ile karatasi, ishara ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu, Baba."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Mimi sikuiona," akasema. "Na nilipokuwa nakaa pale mlangoni, ulijua sababu ya gemu kukataa?"

"Nilijua."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Alitoka. Nilimsikia jikoni akijitengenezea chai mwenyewe, kijiko kinagonga kikombe. Sikuthubutu kumfuata. Nilibaki kwenye kiti kile, wifi, na jua la dirishani linakupiga shingoni, na nikaelewa kwa nini ndiko walikowekwa washitakiwa. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu. Hakukaa. Akatoa hukumu amesimama.

"Dereva alipita nyekundu. Hilo halifutiki kwa sababu mwingine naye alipita. Macho yake hayafai kuendesha peke yake. Msaidizi ana macho mazima, lakini anaona na hasemi. Msaidizi wa namna hiyo ni hatari kuliko kipofu." Akakohoa. "Kazini kwetu mwenye kuona ishara huitaja kwa sauti, na dereva humjibu. Kila ishara, hata ya kijani. Utakaa kushoto kwangu utazitaja. Pasi itapoa."

"Kwa muda gani, Baba?"

"Mpaka nistaafu."

Akaifuata kofia, akaipangusa vumbi kwenye goti, akaivaa. Tukaondoka steshini ya kwanza. "Kijani," nikasema. "Kijani," akajibu. Nililitamka kama mtu anayeapa. Tukapita daraja, tukapita mashamba. Nikawa natazama mikono yake, jinsi ilivyotulia, nikasahau dirisha la mbele.

"Nyekundu!"

Alikaza breki, mabehewa yakagongana, tukasimama pua ya treni imeikaribia kabisa nguzo ya ishara.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa."

"Lakini umesema." Na mkono wake ukatoka kwenye kipanya, ukanigusa begani, ukarudi.

Wifi yako


6 Mei

Mkwe wangu,

Anayeandika ni Kinyozi, maneno ni yangu. Nimekuja mwenyewe dukani kwake, kwa fimbo, ili binti yangu asisikie. Naye Kinyozi nimeshamhoji. Barua hii ni sehemu ya adhabu yake. Kuna jambo jingine linalomhusu yeye na binti yangu, nalo nitamhoji siku yake. Sentensi hiyo ameiandika polepole sana.

Taarifa ya safari. Tumefika steshini ya nne. Ishara zote zimetajwa. Msaidizi huchelewa akiwa na mawazo, nami humkemea, naye hunijibu, jambo ambalo kazini lisingekubalika. Nguo zangu hazipigwi pasi tena.

Binti yangu amenisomea barua zako zote, pamoja na ile ya nyumba kuwa ndogo. Alitaka kuiruka, nikamwambia ataje kila ishara. Mkwe wangu, nisingekuja. Mimi sihami kwangu. Ungeniambia ukweli ningekukatalia mwenyewe, na wewe ungelala usingizi. Kosa lako ni hilo tu, kwamba hukuniuliza.

Kinyozi ametaka kuvusha waifai yake hapa ukutani, ili uone safari zangu ukiwa huko. Nimemkatalia. Ukitaka kujua nimefika wapi, kuna kiti nyuma ya dereva.

Mwambie Telegramu kwamba mara ya kwanza aliandika sawa. Nyumba hii haina wifi, na wifi huyo tunamsubiri.

Dereva